Kuchakuro, avokado na bunduki ya hewa: hizo namba ni za nini na mbona usikimbilie kununua

Jumapili moja mwezi uliopita grupu ya WhatsApp ya koti yetu, hizi nyumba za geti moja huku Loresho, Nairobi, iliwaka moto kwa sababu ya avokado. Baba Shiku wa nyumba namba saba alituma picha ya avokado tano zimelala kwa nyasi, kila moja imetobolewa upande mmoja tu, kama mtu alikuwa anaonja halafu anatupa, na chini yake akaandika, "Hii kuchakuro imenifikisha mwisho. Nani anajua mahali naeza pata eagani?" Dakika kumi hazijaisha mtu ashatuma linki ya bunduki ya hewa ya kuagiza kutoka nje, mwingine akasema hiyo ni toi ya watoto wacha woga, mwingine akasema utafungwa, na mwingine ambaye amenyamaza mwaka mzima akatokea na "chukua .22 usichukue .177" kama mtu anachagua saizi ya kiatu. Ni Mama Tito tu aliuliza kitu cha maana: "Hizo namba ni za nini, na mna uhakika gani ni kuchakuro?"

Hakujibiwa. Watu waliendelea kubishana mpaka saa nne usiku, kwa hivyo nimeamua niandike hii kitu vizuri, polepole, kwa sababu nimeona hata nje ya koti yetu watu wanachanganyikiwa hivyo hivyo. Mimi si mwindaji. Ila nilipokuwa nasoma Uingereza nilipanga chumba kwa mzee mmoja mwenye shamba la matofaa kule Kent, na huyo mzee alikuwa anawinda kuchakuro wa kijivu kwa bunduki ya hewa kila wikendi, na akipata mtu wa kumskiza hawezi nyamaza. Nilimskiza miaka miwili.

Tuanze na maneno kwanza. Bunduki ya hewa, ama eagani vile watu husema, ni bunduki ambayo risasi yake inasukumwa na hewa iliyobanwa badala ya baruti. Hiyo tu ndio tofauti. Ina mtutu, ina kitako, ina kifyatulio. Kinachotoka kwa mtutu ni peleti, kipande kidogo cha metali laini. Na hapa Kiswahili chetu kinatuchezea kidogo, kwa sababu neno risasi linamaanisha kile kitu kinachopigwa na pia ile metali yenyewe nzito ya kijivu iliyo ndani ya betri za gari. Peleti nyingi zimetengenezwa kwa risasi, kwa hivyo unapiga risasi ya risasi. Wekeni hiyo kando, tutairudia.

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, ukipimwa kwa inchi. Ile .177 ni milimita 4.5, karibu punje ya ndengu. Ile .22 ni milimita 5.5, kama njegere ndogo ambayo haijakomaa. Kwisha. Haina uhusiano wowote na umri wa mtu ama ukubwa wa mwili wake.

Sasa inafanya kazi aje? Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu na kidole gumba, halafu sukuma kwa nguvu. Unaskia hewa inakataa na pampu inapata moto. Ukiachilia kidole, hewa inatoka na kishindo. Weka ndengu mahali pa kidole na umeelewa bunduki ya hewa, hayo mengine ni mbwembwe za kiwanda. Ile ya bei ya chini ni ya springi: unavunja mtutu ukishuka chini, springi kubwa ndani inabanwa, ukifyatua springi inasukuma pistoni na pistoni inasukuma hewa. Ni rahisi, haihitaji kitu kingine, lakini ina tabia moja mbaya ambayo matangazo hayasemi. Ile pistoni ni nzito, ikienda mbele bunduki inarudi nyuma, ikigonga mwisho bunduki inaruka mbele, na hii yote inatokea peleti ikiwa bado ndani ya mtutu. Kwa hivyo hata ukiwa umelenga vizuri, vile umeishika tu inabadilisha mahali peleti itaenda. Mzee wa Kent alikuwa anasema bunduki ya springi ni kama kubeba mtoto aliyelala, ukimbana anaamka na ukimwachilia anaanguka.

Aina ya pili inatumia kamtungi ka gesi ya kaboni dayoksaidi, kale ka gramu 12, na hiyo ni ya kupigia mikebe tu. Ya tatu ndio ya wenye pesa, inaitwa PCP, yaani hewa inajazwa mapema kwa mtungi ulio chini ya mtutu mpaka presha ya kama baa 200. Tairi ya gari yako ina kama baa 2.2, kwa hivyo hiyo ni karibu mara tisini ya tairi, na haujazi kwa petroli stesheni, unahitaji pampu yake maalum ama mtungi wa wapiga mbizi. Haina teke, inapiga mahali umelenga, na mtu akikuonyesha video ya jamaa anapiga kitu kidogo kutoka mbali bila kukosa, nenda uangalie utapata ni hiyo. Mnunuzi naye anaona hiyo video halafu ananunua ya springi.

Turudi kwa ile kauli ya "ni toi". Uingereza wameweka mpaka wa nguvu kwa bunduki ya hewa isiyohitaji cheti, na ukiubadilisha kwa vipimo vyetu ni kama juli 16. Juli 16 ni nini? Ni pakiti ya unga ya kilo mbili ikianguka kutoka mezani hadi sakafuni. Inaonekana ni kitu kidogo, si ndio? Sasa chukua hiyo nguvu yote ya ile pakiti uiweke kwa ncha ya upana wa njegere. Peleti ya .22 ya kawaida ina uzito usiofika gramu moja, na ili ibebe juli 16 lazima itoke kwa mtutu ikiwa na kasi ya kama mita 187 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 670 kwa saa. Ile ya .177 ni nyepesi zaidi kwa hivyo inaenda kasi zaidi, karibu kilomita 880 kwa saa. Ndio, bunduki ndogo kabisa ya baruti, ile .22 ya kawaida, ina nguvu mara kumi ya hiyo. Lakini kusema kitu ni toi kwa sababu kuna kingine kibaya zaidi ni kama kusema bodaboda haiwezi kuua kwa sababu trela iko. Peleti inapenya ngozi. Jicho halina hata ulinzi wa ngozi.

Sasa ile vita ya .22 na .177. Kwa nguvu ile ile, .177 inaenda kasi kwa hivyo haishuki sana njiani, ukikosea umbali kwa mita tano bado uko karibu na pale ulilenga. .22 inashuka mapema zaidi, njia yake imepinda kama maji yanayotoka kwa mpira wa kumwagilia, lakini ikifika inagonga na uzito zaidi na inaachia nguvu yake kwa mnyama badala ya kupita tu. Wawindaji wa Uingereza wamebishana juu ya hii kitu tangu zamani na hawajamaliza, na ukweli ni kwamba haijalishi sana. Kinachojalisha ni kama unaweza kuweka peleti tano ndani ya duara la kifuniko cha soda kutoka mahali utakuwa umesimama. Ukikosa hiyo, kaliba yoyote utakayonunua itaumiza mnyama bila kumuua, na mnyama aliyejeruhiwa anaenda kufia ndani ya dari yako, siku ya tatu utajua mwenyewe na pua yako.

Na hapo ndipo maneno ya matangazo yanapotapeli watu. Utaona boksi limeandikwa "futi 1,200 kwa sekunde!" na mtu anadhani ameokota dhahabu. Kasi ya sauti ni karibu futi 1,125 kwa sekunde. Peleti ikikaribia kasi hiyo inaanza kuyumba, inapoteza njia, na juu ya hayo inapiga kelele kama mjeledi. Hizo namba kubwa hupatikana kwa kutumia peleti nyepesi kupita kiasi ambazo hakuna mwindaji anatumia. Mtu wa kulenga anataka peleti nzito kiasi inayoenda polepole kuliko sauti, kila mara kwa kasi ile ile.

Peleti zenyewe zina maumbo. Karibu zote zimebanwa kiuno, kichwa mbele na sketi nyuma, kama ile shatokoki ya badminton: sketi inapanuka ikisukumwa na hewa ikashika ile mifereji inayozunguka ndani ya mtutu, na ikiwa hewani ile sketi inaburuzwa nyuma ndio kichwa kibaki mbele. Kichwa cha mviringo ndicho kinapasua hewa vizuri na kufika mbali bila kuhangaika. Kichwa bapa kinatoboa karatasi shimo safi, ndio maana washindani wa mita kumi wanakitumia, lakini kikienda mbali kinapoteza kasi haraka. Chenye tundu kwa ncha kinauzwa ati kitafunguka kama ua ndani ya mnyama, na kwa nguvu ya juli 16 mara nyingi hakifunguki chochote. Chenye ncha kali kinaonekana cha kutisha kwa picha na ndicho mara nyingi hakilengi sawasawa, ncha ikipinda kidogo tu kwa mkebe basi. Mzee wa Kent alikuwa na mikebe minne ya peleti za kichwa cha mviringo, kampuni tofauti, na kabla ya kitu kingine chochote alimwaga kila mkebe kwa kioo cha meza, akazizungusha moja moja kwa kidole, yenye sketi imebonyea anaiona vile inaruka na anaitupa kwa kikombe cha takataka. Halafu anapiga tano tano kwa karatasi, mkebe kwa mkebe. Mtutu mmoja unapenda peleti hii na mtutu wa pili, wa kampuni ile ile, unaikataa. Hakuna mtu wa intaneti anaweza kukuambia wako unapenda gani.

(Kitu kidogo kwa wanaopenda mambo ya juu: Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, hewa yetu ni nyepesi, ndio maana maharagwe yanachelewa kuiva na maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 95. Peleti pia inapata hewa kidogo ya kuisimamisha, kwa hivyo zile chati za wazungu za kushuka kwa peleti haziingiani na hapa sawasawa.)

Lakini shida ya hizo ushauri zote za mtandaoni ni kubwa kuliko hewa. Shida ni huyo kuchakuro mwenyewe. Video na makala karibu zote zinaongea juu ya kuchakuro wa kijivu, mnyama wa Marekani ambaye alipelekwa Uingereza, akaachiliwa Henbury Park kule Cheshire mwaka 1876 kama pambo la bustani, akazaana, akamfukuza kuchakuro mwekundu wa wenyewe na kumwambukiza ugonjwa wa ndui ambao yeye haumdhuru sana, na juu ya hayo anachuna magome ya miti michanga mpaka inakauka. Kwao huyo ni mvamizi, sheria inakubali auawe kwa njia isiyomtesa. Ana uzito wa kama nusu kilo. Sasa huyu wetu wa kwa bustani, yule wa rangi ya kahawia ya udongo anayepiga kelele tik-tik-tik akitingisha mkia akiona paka, ana kama gramu mia moja. Ni mara tano mdogo. Kichwa chake kinakaribia tu ukubwa wa kile kifuniko cha soda tulichosema hapo juu, na ukisoma wawindaji wa kijivu wanakuambia lenga kichwa, kaa ndani ya mita thelathini, sasa wewe fikiria unalenga nini hapo juu ya mti na hasimami sekunde mbili. Na hakuletwa na meli kutoka mahali. Ni mwenyeji, alikuwa hapa kabla ya Loresho kuwa na geti.

Na sheria nayo inabadilika ukivuka mpaka, hii ndio sehemu watu wengi wanaangukia. Marekani, sheria ya taifa inaeleza bunduki kuwa kitu kinachotumia mlipuko, kwa hivyo bunduki ya hewa inabaki nje, ingawa jimbo kama New Jersey linaihesabu bunduki kabisa. England na Wales hauhitaji cheti ukiwa chini ya ule mpaka wa nguvu, lakini Scotland tangu mwisho wa 2016 lazima uwe na cheti. Kwa hivyo mtu wa Texas akikuambia "hii haihitaji leseni" anasema ukweli. Wa Texas.

Hapa kwetu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inazungumzia silaha yenye mtutu inayoweza kuua na ambayo inaweza kurusha risasi ama kitu kingine. Tafuta neno baruti hapo, hulipati. Sheria haiulizi kitu kilisukumwa na nini, inauliza kilichotoka kinaweza kufanya nini. Ukitaka kumiliki lazima upitie Bodi ya Leseni za Silaha, na mimi ningependa sana kuwa kwa hiyo ofisi siku mtu ataandika kwa fomu kwamba sababu yake ni avokado. Na ile linki iliyotumwa kwa grupu? Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaweka silaha zote za Sura ya 93 ya orodha ya bidhaa kwa kundi la vitu vilivyodhibitiwa, na ndani ya hiyo Sura ya 93 bunduki za springi na za hewa zimetajwa kwa jina. Muuzaji wa nje atachukua pesa yako na atatuma mzigo bila shida yoyote. Shida itaanza ukishuka uwanja wa ndege wa JKIA, na jina kwa hilo boksi litakuwa lako.

Tuseme basi unayo kihalali, cheti kiko, kila kitu kiko. Bado kuna kuchakuro mwenyewe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikusema marufuku hiyo inaishia kwa geti lako. Mnyama pori akiwa kwa mti wako bado ni mnyama pori, na wa kushughulika naye akisumbua ni KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori. Watu hufikiria wanyamapori ni wale wa Maasai Mara tu, simba na ndovu, kumbe kuchakuro wa Loresho yuko ndani ya sheria hiyo hiyo. Na ndio, najua kuna mtu anasema "nani ataniona", huyo aende aone vile madirisha ya ghorofa za Kileleshwa zinaangalia chini.

Hapo kwa madirisha nikae kidogo. Ploti ya futi hamsini kwa mia ni mita 15 kwa 30. Peleti ya bunduki ya hewa ikipigwa kwa kuelekezwa juu inaweza kwenda zaidi ya mita mia tatu kabla ya kuanguka. Kuchakuro anakaa wapi? Juu ya mti. Kwa hivyo kila ukilenga unalenga juu, na nyuma ya huyo kuchakuro hakuna ukuta wala udongo, kuna mbingu, halafu kuna ploti ya jirani, na ya jirani wa jirani, na mama anaanika nguo, na mtoto yuko kwa trampolini. Mzee wa Kent alikuwa na ekari nyingi na bado alikuwa hapigi kama nyuma ya mnyama hakuna shina nene ama udongo. Siku moja nilimwona amelenga dakika nzima halafu akashusha bunduki akarudi ndani kunywa chai, nikamuuliza mbona, akasema nyuma ya huyo kulikuwa na barabara. Barabara yenyewe mimi sikuwa nimeiona. Na kwetu kuna mabati na ukuta wa mawe, peleti ikigonga hapo inarudi, na hairudi kwa adabu.

Halafu ile risasi tuliweka kando. Peleti inabaki kwa mzoga ama kwa udongo wa sukuma yako. Mwewe ama bundi akila mzoga huo anakula risasi pia. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa wanajua risasi inafanyia watoto nini, na yao ilitoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri. Hakuna sababu ya kuanza kuimwaga mwenyewe mahali unapanda nyanya.

Sasa swali la pili la Mama Tito, mna uhakika ni kuchakuro? Baba Shiku alikuwa na malalamiko mawili, avokado za mchana na kelele za dari za usiku, na alikuwa ameziweka kwa mshtakiwa mmoja. Kuchakuro ni mnyama wa mchana. Jua likizama amelala. Ukiskia mbio kwa dari saa nane usiku huyo ni panya, ama kama uko Karen ama Lang'ata karibu na miti mikubwa anaweza kuwa komba. Ukiskia saa moja asubuhi na saa kumi jioni, hapo sawa, mshuku kuchakuro. Na zile avokado, nilivuta ile picha nikaangalia karibu. Mbili zilikuwa na mistari myembamba miwili miwili, hayo ni meno ya mbele ya kuchakuro, yanakua maisha yake yote ndio maana lazima atafune kitu, hata waya za stima. Zingine tatu zilikuwa zimeng'atwa mara moja, pana, kama mdomo wa mtoto wa miaka mitatu. Kuchakuro hana mdomo wa hivyo. Sikusema kitu wakati huo.

Jumamosi iliyofuata Baba Shiku aliita fundi Mwas na mimi nikaenda kushikilia ngazi, halafu nikashindwa kuvumilia nikapanda pia. Ndani ya dari kuna joto la mabati na harufu ya vumbi na mkojo. Kwa kona ya mashariki, mahali fashia bodi imeoza, kulikuwa na tundu la upana wa vidole vitatu, kingo zake zimelainika kwa kupitwa pitwa, na kando yake kiota: majani ya grevilia, nyuzi za zulia la mlangoni, na soksi moja ya shule ambayo Shiku alikuwa amechapiwa kelele muhula wa kwanza. Mbegu mbili za avokado zimetafunwa. Kwa kona ya magharibi, mita sita hivi, hadithi nyingine kabisa, vinyesi vyeusi vyenye ncha kama punje za mchele, na njia ya mafuta kwa mbao mahali panya wanasugua tumbo kila usiku. Mwas alimulika na simu akacheka. "Boss, uko na wapangaji wawili na hakuna analipa."

Kilichofanywa hapo hakihitaji bunduki wala darubini ya kulengea. Kwanza tuliangalia kama kiota kina watoto, kwa sababu ukiziba mama akiwa nje watoto watakufa ndani na mama atatafuna mbao mpya kurudi kwao. Hakukuwa na watoto. Mwas akangoja kuchakuro atoke asubuhi kula, ndio akaziba. Hakutumia waya ya kuku, hiyo matundu yake ni makubwa na meno yanaikata, alitumia ile ya kofi tre, ya kuanikia kahawa, yenye matundu ya nusu inchi, unapata kwa hadiwea yoyote, akaipigilia kwa mbao mpya pande zote, na kwa upande wa panya pia. Tawi la mparachichi lililokuwa linagusa paa likakatwa mpaka likabaki mita mbili na nusu kutoka kwa mabati. Shina likafungwa kipande cha bati laini, upana wa kama sentimita sitini, juu kidogo ya kichwa cha mtu, kuchakuro akipanda kucha zinateleza anarudi. Hii inafanya kazi tu kama mti umesimama peke yake, kama matawi yameshikana na mti wa jirani usijisumbue.

Na avokado yenyewe, hii watu wengi hawajui, haiivi ikiwa kwa mti. Inakomaa kwa mti halafu inaiva ikishachumwa. Kwa hivyo kuiacha ining'inie ati ilainike ni kumwekea kuchakuro meza. Chuma ikikomaa, weka ndani kwa karatasi na ndizi moja. Ukitaka kuwekea ndege chakula bila kuchakuro kuja, changanya na unga wa pilipili: ndege haskii ukali wake, kuchakuro anauskia vibaya sana. Kitu kimoja tu nakataza kabisa ni sumu. Bundi wa kwa mjakaranda wenu anakula panya kuliko paka wako mvivu, na akila panya mwenye sumu mnampoteza yeye, panya wanarudi.

Gharama yote, fundi, mbao, waya, bati, ilikuwa ndogo kuliko darubini peke yake ya ile bunduki kwa linki. Baba Shiku amelala usiku mzima wiki mbili sasa. Jana jioni lakini alinipigia simu badala ya kuandika kwa grupu, sauti imeshuka.

"Jirani, avokado zingine tatu zimeanguka. Na leo nimemwona mwenyewe. Ni kima, wanatoka kule msituni, wako kama wanane, mkubwa wao amekaa juu ya tangi la maji ananiangalia tu." Akanyamaza kidogo. "Hiyo kofi tre inazuia kima?"